Kifungu cha Kumi na Nne

Royce Pennebaker alikuwa hajafika katikati ya pai yake ya tufaa alipoiona riziki yake imebandikwa ukutani, kati ya kalenda ya duka la mbegu na tangazo la paka aliyepotea.

Ilikuwa karatasi ya baraza la mji. Hapa kwetu Tollefson, mji wa watu mia nane na kumi na wawili, sheria inataka kila jambo la baraza libandikwe mahali patatu pa wazi: ofisi ya mji, posta, na mgahawani kwa Lorna. Sisi wenyewe hatuzisomi karatasi hizo. Za nini, wakati Verla Huinker, karani wa mji, atakusomea kwa sauti, neno kwa neno, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kwa miezi mitatu mfululizo? Hapa Iowa sheria ndogo haipiti mpaka isomwe mara tatu. Miji mingine hupiga kura ya kuruka usomaji mmoja au miwili ili watu wawahi nyumbani. Sisi haturuki. Tangu mji huu uanzishwe hatujaruka hata nukta.

Lakini Royce alikuwa mpita njia, na mpita njia hana kazi, kwa hiyo alisoma. "Baraza linakusudia kuzinunua nyumba za Mtaa wa Mtoni zilizoharibiwa na mafuriko ya Juni, kwa bei zilizokuwa nazo kabla ya maji kuingia." Uma ulibaki hewani. Akaisoma tena.

Yafaa mumjue huyu bwana. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu, meno meupe, shati limenyooshwa, sauti ya kumbembeleza mtoto mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kuwaingiza watu mjini, hata wale waliozaliwa mjini. Mwezi uliopita alikuwa Nebraska akiwauzia wakulima fimbo za kuzuia radi, ambazo zamani, kabla hazijapakwa rangi ya shaba, zilikuwa za kutundikia mapazia. Zilimpa dola elfu ishirini na sita na sababu nzuri ya kuhama. Kwenye buti la gari alibeba kofia ngumu ya manjano, ubao wa kuandikia, fimbo ya kupimia yenye mistari myekundu na myeupe, na ramani moja kubwa. Kwa vitu hivyo vinne mtu anaweza kuingia uani kwa yeyote Marekani na asiulizwe.

"Dada," akamwita Lorna, "huu Mtaa wa Mtoni uko wapi?"

"Teremka. Ukiona alama ya matope kwenye kuta inakufika kiunoni, umefika."

"Na nyumba iliyoumia zaidi?"

"Ya Bi Arlys Brekke, ile ya njano. Maji yameingia mara nne. Mara hii walitoa samaki kwenye oveni."

"Masikini! Anasemaje?"

"Anasema ingeweza kuwa mbaya zaidi." Lorna akamwongezea kahawa. "Ana miaka sabini na tisa yule. Anataka ahamie Kilimani, kwenye vyumba vya wazee karibu na kanisa. Wamemshikia chumba hadi tarehe mosi Oktoba, kiingilio elfu saba. Wapi! Bima yake ya mafuriko nayo imepanda mpaka haisemeki, na nyumba nani ainunue?"

"Nani, kweli?" akasema Royce, akarudi kwenye pai yake kwa hamu mpya.

Jioni hiyo hiyo ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na Royce alikuwepo barazani, kiti cha nyuma karibu na mlango. Meya wetu ni Duane Stumme, muuza matrekta. Siku alipoombwa awe meya alikataa, akaombwa tena akakataa, akaombwa mara ya tatu akakataa pia, na nadhani alikuwa hataki kweli, lakini kwa desturi yetu hapa watu hawakuhesabu ile ya tatu. Duane alieleza kwamba serikali kuu itatoa robo tatu ya gharama za kununua nyumba zote saba za mtoni na kuzibomoa, na mji utoe robo.

"Robo yenyewe hatuna," akamalizia, akakaa. "Verla, soma."

Verla akavaa miwani. Huyu mama ana sauti ya jokofu: haipandi wala haishuki, na baada ya muda husikii tena kama ipo. Alisoma kifungu cha kwanza, kwamba nyumba zitanunuliwa. Alisoma cha pili, kwamba bei ni ile ya kabla ya maji. Alisoma cha tatu, orodha ya nyumba, na kwenye namba nne akataja ya Brekke, thamani dola elfu tisini na moja. Hapo Royce alinyanyuka taratibu akatoka nje. Alikuwa amesikia vifungu vitatu kati ya kumi na tisa, na kwa maoni yake sheria iliyobaki ilikuwa maneno ya makarani.

Kesho yake asubuhi alikuwa uani kwa Bi Arlys, kofia kichwani, akipima ukuta kwa fimbo na kuguna. Kuguna ndiyo ilikuwa taaluma yake hasa. Aliguna mbele ya nyumba, akaguna nyuma, na kwenye ngazi za jikoni akaguna mpaka Bi Arlys akatoka.

"Kuna tatizo, bwana?"

"Mama, naitwa Royce Pennebaker, mtaalamu wa bima za mafuriko. Naomba ukae kwanza."

"Kaa wewe. Nimetengeneza kahawa."

Jikoni kulikuwa na meza, viti viwili, na ukuta wenye mstari wa matope ambao Bi Arlys alikuwa ameufuta mara tatu na ukarudi. Royce alikunjua ramani yake juu ya meza. Akaweka kidole kwenye doa la bluu.

"Hapa ndipo ulipo, mama. Ramani mpya. Mwaka jana ulikuwa pembeni ya eneo la hatari. Sasa upo katikati."

"Ramani nzuri," akasema Bi Arlys.

"Maana yake bima yako itapanda mara tatu. Usipolipa, faini. Usipolipa faini, mama, sitaki hata kusema." Akasema. "Watabomoa, na gharama watakudai wewe."

"Hee."

"Baraza halijakwambia lolote?"

"Ah, wanasoma-soma vitu pale."

Royce karibu ambusu. Mwanamke mwenye elfu tisini na moja mfukoni na hajui! Akashusha pumzi, akamshika mkono. Alimweleza kwamba yeye si mfanyabiashara wa nyumba, ila ana mama yake wa umri huu huu, na moyo wake haumruhusu kuondoka hivi hivi. Alikuwa tayari kumtua mzigo huu. Dola elfu nane, taslimu.

Jamani, elfu nane! Kiingilio cha chumba cha Kilimani ni elfu saba. Bi Arlys alikuwa ameketi barazani jana yake, mstari wa mbele, akifuma soksi, na alisikia vifungu vyote kumi na tisa. Alijua fedha za serikali zipo. Alijua vilevile, kama sisi sote tunavyojua, kwamba mji wa jirani walizisubiri miaka mitatu, na kwamba yeye chumba chake kinaisha Oktoba. Akafungua mdomo.

"Oh, hapana," akasema. "Siwezi. Ni nyingi mno."

Sasa hapa inabidi nieleze, maana Royce hakuelezwa. Kwetu kitu kizuri kikitolewa, unakataa. Kikitolewa tena, unakataa tena. Mara ya tatu unasema haya basi, kama una uhakika hukusumbui. Anayepokea mara ya kwanza tunamwona kalelewa na mbwa. Ni hivyo kwa kahawa, kwa kusukumiwa gari lililokwama kwenye theluji, na hata kwa posa.

Royce, mtoto wa mjini, alisikia neno moja tu, "siwezi", akajiambia: huyu bibi si mjinga, anavuta bei.

"Nitafikiria," akasema, akakunja ramani, akaondoka.

Verla na Bi Arlys hunywa kahawa pamoja kila saa nne, ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, tangu wakiwa wasichana. Siku hiyo kikombe cha Verla kilibaki mezani kikipoa.

"Elfu nane, Arlys! Na ukakataa?"

"Ilikuwa ndiyo kwanza mara ya kwanza, Verla. Ningeonekanaje?"

"Na asiporudi?"

"Asiporudi ndiyo basi." Bi Arlys akageukia dirishani. Alikuwa na hofu kweli. "Siwezi kukaa pale Juni nyingine, Verla. Mara hii nililala juu ya kabati la nguo mpaka Merle wa barabara akaja na mtumbwi. Lakini siwezi pia kuwa mtu wa kudaka kitu mkononi mwa mtu."

"Huyo mwenyewe unamjua ni nani?"

"Ni tapeli. Ramani yake ni ya Nebraska. Imeandikwa pale juu, herufi hizi." Akaonyesha kwa vidole.

"Na hukumwambia?"

"Nisimwaibishe kijana wa watu."

Verla akachukua kikombe chake kilichopoa. Yeye ni karani, na karani ana kiapo: hapendelei, hafichi, haongezi. Lakini mtu hakatazwi kuendelea kunywa kahawa akiwa na furaha kidogo.

Wiki nzima ilipita. Bi Arlys aliosha mapazia ambayo hayakuwa machafu, akasimama dirishani kila gari lilipopita, akajisema kwa sauti kwamba yeye ni mpumbavu mkubwa. Siku ya nane Royce akatokea, na elfu kumi na tano. Alikuwa amepiga hesabu motelini: hata akitoa hiyo, faida ni elfu sabini na sita.

"Elfu kumi na tano!" akasema Bi Arlys. "Hapana, hapana. Utajiumiza bure, bwana. Nyumba yenyewe hii."

"Mama, unanibana."

"Mimi? Sikubani. Tena ningekuwa wewe ningesubiri Verla amalize kusoma. Kuna mambo mle ndani."

Mnaona alivyosema? Alisema wazi, kweupe, akimtazama machoni. Royce akatabasamu kwa uchungu. Kumbe kweli amesikia kitu, bibi huyu, na sasa anamtishia. Akaondoka akimheshimu, akijiambia kwamba katika miaka thelathini ya kazi hajakutana na mpinzani mgumu kiasi hiki. Na Bi Arlys akabaki mlangoni akilia kidogo, kwa sababu mara ya tatu ilikuwa haijaja, na hakuna sheria inayosema lazima ije.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba Royce alirudi barazani, na safari hii alikaa mpaka mwisho. Alitaka kujua bibi amesikia nini. Verla akasoma. Alisoma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha sita mkuu wa zimamoto alilala. Kwenye cha tisa akalala meya. Royce alijikaza kiume, akajifinya paja, akahesabu vigae vya dari, akafika kigae cha arobaini kifungu cha kumi na moja kikiendelea. Alipozinduka watu walikuwa wanachukua kofia zao na kidevu chake kilikuwa kimelowa.

"Nimekosa kitu?" akamuuliza aliyekaa jirani, Merle Ott, ambaye ndiye idara yetu yote ya barabara, maji, takataka na theluji.

"Hapana," akasema Merle. "Ni ile ile ya mwezi jana."

Royce akaridhika. Ile ya mwezi jana alikuwa ameisikia. Na kwa kuwa watu wote walikuwa wanazungumzia Mtaa wa Mtoni, aliona wazi kwamba asipofanya haraka mjanja mwingine atamtangulia. Asubuhi ya pili, kabla ya saa mbili, aligonga kwa Bi Arlys, bahasha mkononi.

"Elfu ishirini na nne. Neno la mwisho, mama. Ukikataa hii naondoka na huniona tena."

Bi Arlys akafuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Una uhakika sikusumbui?"

"Hunisumbui!"

"Haya basi," akasema. "Kama una uhakika."

Hati za nyumba hapa huthibitishwa na Verla. Aliomba kitambulisho, akakitazama, akamtazama mwenye nacho.

"Hapa imeandikwa Norbert Gooch."

"Royce ni la kazini."

"Kwenye hati lazima la nyumbani." Akaandika Norbert Gooch kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akaweka kalamu chini. Kiapo ni kiapo. "Bwana Gooch, kabla hujasaini. Sheria ya Mtaa wa Mtoni umeielewa?"

"Nimehudhuria mara mbili, bibi."

"Najua, nilikuona. Ngoja nikusomee kifungu cha kumi na nne." Akavaa miwani.

Royce akainua mikono yote miwili. "Bibi, nakuomba. Kwa huruma yako. Usinisomee tena."

"Ni kifupi."

"Nakuomba."

Verla akavua miwani. "Haya," akasema, "nimejaribu." Akagonga muhuri.

Septemba ikaisha vizuri. Merle alihamisha vitu vya Bi Arlys kwa gari la mji la kuzolea theluji, likiwemo kabati la nguo. Royce alikaa motelini akila mlo mara mbili kwa siku kwa zile elfu mbili zilizobaki, akikaa mkao wa kula zile tisini na moja. Alimuuliza Lorna gari gani jekundu ni zuri kwa safari ya Florida.

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba alikuja usomaji wa tatu akiwa amelala mchana kutwa, amekunywa kahawa vikombe vitano, na amekaa kiti cha mbele. Alikuja kuiona mali yake ikipitishwa. Verla akasoma. Mkuu wa zimamoto akalala kwenye cha sita kama kawaida yake. Meya akalala. Royce alikuwa macho kama bundi.

"Kifungu cha kumi na nne," akasoma Verla, sauti ile ile. "Atakayelipwa ni yule tu aliyekuwa mmiliki siku maji yalipoingia na ambaye bado anaimiliki. Aliyeinunua nyumba baada ya siku hiyo hatalipwa chochote. Kifungu cha kumi na tano. Nyumba iliyoharibika zaidi ya nusu haitakaliwa mpaka iinuliwe futi nane juu ya ardhi, kwa gharama za mmiliki. Isipoinuliwa, mmiliki ataibomoa kwa gharama zake kabla ya theluji."

"Nini?" akasema Royce.

"Maoni ya wananchi yanakuja baada ya kifungu cha kumi na tisa," akasema Verla, akaendelea.

Vifungu vinne vilivyobaki vilikuwa virefu kuliko maisha yake yote. Hatimaye meya akaamshwa, akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno. Royce alikuwa amesimama tayari.

"Jina na anwani," akasema Verla.

"Verla, unanijua!"

"Kwa kumbukumbu."

"Norbert Gooch." Akashusha sauti. "Namba nne, Mtaa wa Mtoni."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ni desturi, mkazi mpya tunampigia makofi. Mtu akasema karibu sana Tollefson. Mtu mwingine, nadhani Lorna, akasema mia nane na kumi na tatu.

"Una dakika tatu," akasema meya.

Royce alitumia mbili kukisoma mwenyewe kifungu cha kumi na nne mezani kwa Verla. Kisha ikamtoka: "Huu ni wizi! Mmeniingiza mjini! Mlijua, nyote mlijua, na hakuna aliyeniambia!"

Watu wakatazamana. Kuambiwa wizi kwetu ni jambo zito, na Merle akainamisha kichwa kwa aibu. Verla ndiye aliyejibu, na wala hakukasirika.

"Bwana Gooch, ilibandikwa mahali patatu. Nimeisoma mara tatu. Ya nne nilitaka kukusomea wewe peke yako ukaniomba nisisome. Bi Arlys naye alikwambia usubiri. Sasa sijui ungetaka tufanye nini kingine, tuiimbe?"

"Muda umekwisha," akasema meya. Sheria ikapita, kura tano kwa sifuri.

Mjanja hafi kwa pigo moja. Asubuhi Royce alikuwa ofisini kwa Verla na wazo jipya kabisa: angekata bima ya mafuriko ya nyumba ile leo, kisha akae asubiri mto ufanye kazi yake.

"Bima inaanza siku thelathini baada ya kulipa," akasema Verla.

"Nasubiri."

Merle alikuwa pale akitengeneza bomba. "Mto huu hufurika Juni," akasema kutoka chini ya sinki. "Sasa hivi unauvuka na soksi zisilowe. Na theluji inaingia katikati ya Novemba. Halafu, bwana, sitaki kukuudhi, ila nyasi zako zimepita inchi nane. Hiyo nayo ina faini. Nimekufyekea za mbele, ila za nyuma sikufika."

"Kubomoa ni kiasi gani?"

Merle akataja. Royce akakaa. Zile elfu mbili zilikuwa zimeshakuwa moja na nusu, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alijisikia kama wale wakulima wa Nebraska walivyojisikia radi ilipopiga. Alijionea huruma sana, na katikati ya huruma hiyo, kama kokoto kwenye wali, akahisi kitu kingine kidogo kinachofanana na haya.

"Kuna njia moja," akasema Verla. "Sitaki kukushawishi."

"Nishawishi."

"Ukiupa mji kiwanja bure, kubomoa ni kazi yetu, nyasi ni zetu. Wewe huru. Na kiwanja kikitolewa bure, serikali kuu inakihesabu kama sehemu ya ile robo yetu tuliyokosa." Akasafisha miwani yake, ingawa ilikuwa safi. "Kwa thamani ya kabla ya maji. Elfu tisini na moja. Nimepiga simu, nimeuliza. Inatosha robo yote, na inabaki ya kununulia benchi."

Royce akamgeukia. "Uliuliza lini?"

"Agosti," akasema Verla.

Alisaini. Meya aliposikia alitokwa na machozi, mbele za watu, akaenda kujifuta nyuma ya trekta. Familia sita zilizobaki mtoni zilimletea Royce vyakula motelini, bakuli sita zenye jina la mwenye bakuli chini ili zirudishwe. Mhariri wa gazeti la wilaya akapiga simu kwamba anakuja na kamera, picha ya mfadhili, ukurasa wa mbele. Hapo Royce alikumbuka kwamba gazeti lile husomwa hata Nebraska, na akaanza kufunga mizigo.

Lakini kabla hajala kona alipandisha gari Kilimani. Bi Arlys alikuwa chumbani kwake, ghorofa ya pili, dirisha linatazama mto kwa mbali, ambako ndiko mto unakopendeza. Kabati la nguo lilikuwa pale. Mezani kulikuwa na kopo la bati lililojaa vipande vya keki ya chokoleti, harufu yake ikafika mpaka mlangoni.

"Bwana Gooch! Karibu. Nimesikia watakuwekea benchi, na jina lako."

"Mama, nina swali moja, kisha naondoka." Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Ungekubali kiasi gani? Kusema kweli."

Bi Arlys akawaza. Hakutaka kumuumiza. "Ile ya kwanza," akasema. "Elfu nane zilinitosha, tena zilibaki. Usiku ule sikulala kwa kuzikataa. Lakini mama yangu alinilea vizuri: kitu hukipokei mpaka mara ya tatu."

Royce akafumba macho. Elfu kumi na sita zilipita mbele yake, moja moja, zikimpungia mkono. Kisha akacheka, taratibu kwanza, halafu kicheko cha kweli, na Bi Arlys akacheka naye mpaka akashika ubavu. Ndipo hatimaye Royce akaelewa kila kitu: zile hapana, zile bei, mji mzima huu wa ajabu. Hajala kitu tangu jana. Zile bakuli alizirudisha zikiwa zimejaa, kwa haraka ya kuondoka. Akaona leo ataondoka hapa angalau na kitu kimoja, na atakipata kwa adabu za hapa hapa.

"Chukua vya njiani," akasema Bi Arlys, akamsogezea kopo.

"Oh, hapana. Sitaki kukusumbua."

"Chukua bwana, vipo vingi."

"Hapana, kwa kweli. Nimeshiba." Akanyoosha shati, akatabasamu, mkono wa kulia tayari umeanza safari, akasubiri ya tatu.

Bi Arlys alimtazama, akalitazama kopo.

"Haya basi," akasema, "kama umeshiba." Akalifunika.